Maua ya Mvita na Majira Yaliyochafuka

Asili ya mtafaruku

Masika yanapochelewa, au vuli inapomimina maji hata vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa vikawa mito, huzuka katika mabaraza ya Kibokoni na Kuze mjadala ambao sasa umekuwa wa kila mwaka, nao ni kwamba miti imepoteza majira yake: mmoja husema mibuyu ya Mbaraki imechanua kabla ya wakati, wa pili huhakikisha kwamba imechelewa, na wa tatu, aliyesikia redioni habari za kuzidi kwa joto la dunia, hukata shauri kwa niaba ya wote kuwa jambo ni lile lile la mabadiliko ya tabia ya nchi na hapana haja ya kubishana. Wa nne, naye aghalabu ndiye mzee kuliko wenziwe, huirudisha hesabu kwenye miongo ya Nairuzi, kalenda ya jua ya Waswahili, akaonyesha kwa vidole kwamba kila kitu kimetoka mahali pake.

Maneno haya yote hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, wala hayawezi kutupwa yote kwa pamoja. Yamechanganywa ndani yake madai yasiyokuwa ya namna moja. Kusema kwamba mti umechanua katika mwezi usiokuwa wake ni dai la tukio, na tukio huthibitishwa kwa macho na tarehe. Kusema kwamba umefanya hivyo kwa sababu ya joto la dunia ni dai la sababu, na hilo halithibitiki mpaka sababu nyingine zipimwe na kuondolewa. Tena jambo hili si la watazamaji wa maua peke yao. Ua likikosa wakati, hukosa ubuyu wa kuchemshwa kwa sukari na rangi ukauzwa mabuyu kwa watoto wa Mji wa Kale. Hukosa asali katika mikoko ya Tudor. Na hukosa kadi na kilua, maua ya mwituni ambayo wanawake wa Pwani wameyathamini kwa harufu yake tangu zamani.

Majira ya Pwani na kinachofungua ua

Mwaka wa Mombasa hauendeshwi na baridi na joto kama mwaka wa Ulaya. Waendeshwa na pepo mbili: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi pamoja na kiangazi chake, na kusi, inayoingia na masika, ambayo mvua yake huzidi mwezi wa Mei, kisha ikaleta kipupwe cha katikati ya mwaka; na baina ya kuondoka kwa kusi na kuja kwa kaskazi hunyesha vuli. Kisiwa kimelala nyuzi nne tu kusini ya mstari wa Ikweta, hata tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haipiti sana nusu saa, wala hapana theluji wala jalidi ya kuulaza mti miezi mitatu.

Jambo hili ni lazima lishikwe vizuri, kwani habari nyingi zilizotufikia juu ya maua na tabia ya nchi zimetoka katika nchi za baridi, ambako mti hungoja joto ndipo uamke, na joto likitangulia, ua nalo hutangulia. Katika mji wa Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarejea hadi karne ya tisa, na mwaka 2021 kilele cha maua kilikuwa tarehe 26 Machi, siku ya mapema kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa hadi wakati huo katika muda wa zaidi ya miaka 1,200. Uingereza, wataalamu waliochambua kumbukumbu za jamii 406 za mimea walieleza mwaka 2022 kwamba ua la kwanza sasa hutokea karibu mwezi mzima kabla ya lilivyokuwa likitokea zamani, wakiulinganisha muda wa kabla ya 1987 na wa baada yake. Huo ni ushahidi mzito, lakini ni ushahidi wa nchi zao.

Huku kwetu, mti wa mwituni kwa kawaida haungoji joto, kwa kuwa joto halikosekani. Hungoja maji, au hungoja maji yakatike. Miti mingi huchanua baada ya kiangazi kuikausha na manyunyu ya kwanza kuigusa, na mingine, kama mbuyu, huweza kutoa majani kabla ya mvua kwa maji iliyoyaweka katika shina. Kwa hiyo anayeuliza kwamba maua ya Mvita, yaani Mombasa, yametangulia kwa siku ngapi, kama aulizavyo Mwingereza, amelichukua swali la watu wa baridi akalivika kanzu. Swali la Pwani ni kwamba mvua imefanyaje, na mti umeijibu vipi.

Rai ya kwanza: ni kuzidi kwa joto la dunia

Wenye rai hii wana hoja yenye nguvu. Joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi la nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa kwa digrii moja na sehemu yake, na Bahari ya Hindi ya upande wetu wa magharibi imepata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingi za bahari za kitropiki. Bahari hiyo ndiyo kisima cha mvua zetu. Maji yake yakipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mambo yakipinduka, vuli hukatika. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilipungua katika sehemu kubwa ya Kenya na jirani zake, na kaunti za Pwani hazikusalimika. Kisha vuli ya 2023 ikaja na gharika. Mti unaongoja mvua utafanya nini katika mwaka wa namna hii, ila kuchanua ovyo, au kutochanua kabisa?

Udhaifu wa rai hii umo katika haraka yake. Masika ya Afrika Mashariki yalionekana kupungua kwa miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 1980, hali hesabu za kompyuta za wataalamu wa hali ya hewa zikitabiri kwamba mvua itazidi, na mgongano huo umewashughulisha kwa muda mrefu bila ya kumalizika kwa neno moja. Ikiwa wenye vyombo wanasita juu ya mwelekeo wa mvua yenyewe, si insafu kwa mwenye baraza kuyakinisha mwelekeo wa ua, ambalo ni mtoto wa mvua. Kuwa joto la dunia ni la kweli, nalo ni la kweli, hakutoshi kuwa hoja ya kila tawi lililochanua mwezi wa Agosti.

Rai ya pili: bahari ina mizunguko yake

Wengine husema kwamba miaka ya mvua kuvuka mpaka ilikuwako kabla ya magari na viwanda kujaa. Hutaja mwaka 1961, ambapo mvua zilinyesha hata Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita moja katika miaka iliyofuata. Na hutaja El Niño ya 1997 na 1998, iliyobaki katika kumbukumbu za watu wa Mombasa kwa barabara na madaraja iliyochukua. Hoja hii ni sahihi kwa kadiri yake, na faida yake kubwa ni kumzuia mtu asiufanye mwaka mmoja kuwa hukumu ya karne.

Lakini ina kosa ambalo wenyewe hawalioni. Mzunguko wa zamani haukanushi athari ya sasa, kwa sababu bahari iliyo moto zaidi huweza kuuzidisha mzunguko ule ule. Tena mti haujali sababu ya mvua ni ya kale au ni ya leo, hujibu maji. Katika hori la Mwache, magharibi ya kisiwa, mvua za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara hata mikoko ikafukiwa pumzi za mizizi yake na sehemu kubwa ikafa. Mkoko uliokufa hauchanui mapema wala hauchelewi. Basi anayejifariji kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani, na atazame kwamba yale ya zamani yenyewe yalitosha kuua.

Rai ya tatu: ni mji wenyewe

Rai hii husikika kwa uchache, nami naona kwamba kwa habari ya kisiwa chenyewe ndiyo yenye haki kuliko zote. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, nacho kimejaa saruji, mabati na lami, ambavyo huyatwaa majoto ya mchana na kuyarudisha usiku. Mabomba yanayovuja hunywesha mizizi wakati wa kiangazi. Taa huwaka usiku kucha. Matawi hukatwa kwa ajili ya nyaya. Mti unaoishi hivi umepewa majira yake na wanadamu. Isitoshe, miti mingi inayotajwa mabarazani si ya mwituni hata kidogo: mwarobaini ulitoka Bara Hindi, na asumini ya uani hunyweshwa kwa ndoo, kwa hiyo kuchanua kwake kunaeleza zaidi habari za mwenye nyumba kuliko habari za mbingu.

Hata mibuyu ya Mbaraki na ile ya ufuo wa Mama Ngina, ambayo ni mikongwe na ya asili, si mashahidi wazuri wa mvua. Mti wenye ghala ya maji shinani huweza kuupita mwaka mbaya bila kuonyesha dhiki, na ua lake jeupe hufunguka magharibi likaishi usiku mmoja tu; asiyepita pale wakati ufaao hulikosa, kisha akasema mti haukuchanua. Naam, upungufu wa rai hii ni kwamba huishia ufukoni. Ng'ambo ya maji, katika makaya, yaani misitu iliyochungwa na wazee, ya Rabai na ya Kinondo, au katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hapana lami wala taa, na mvua iliyochafuka huifikia miti ya huko moja kwa moja.

Hesabu ya miongo na kosa lililojificha

Sasa turudi kwa yule mzee wa hesabu, kwani hoja yake haikupata kupimwa vya kutosha, na ndani yake limo jambo ambalo huwapotosha hata waliosoma. Waswahili, pamoja na mwaka wa Hijra wa mwezi mwandamo, ambao haufai kwa ukulima kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, walitumia mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakaugawa kwa makumi ya siku, ndiyo miongo. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini bahari hufungwa, na mkulima alijua lini atapanda. Ni elimu kubwa iliyotokana na biashara ya bahari hii yote hadi Uajemi, na dharau iliyofanyiwa na waliokuja na kalenda za ukutani haikustahili.

Hata hivyo mwaka huo una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, na mwaka wa jua una siku 365 na takriban robo. Tofauti ya robo siku ni ndogo, lakini hukusanyika: kila miaka minne, siku moja, kila miaka arubaini, mwongo mzima. Nairuzi kwa hiyo hutangulia kidogo kidogo katika mwaka wa jua, na jambo lolote lililokaa mahali pake kwa jua, liwe ni mvua au ni ua, huonekana kusogea mbele katika hesabu ya miongo. Mtu aliyefunzwa na babu yake kwamba mti fulani huchanua katika mwongo fulani, naye akalipima neno hilo baada ya miaka themanini kwa hesabu ile ile isiyorekebishwa, ataukuta mti umechelewa miongo miwili, hali mti haukujongea hata siku moja.

Na hapa pana nukta ya kuangaliwa sana. Joto huko Ulaya limeyatanguliza maua. Kosa la hesabu huku kwetu huyachelewesha machoni pa mhesabu. Basi msikilizaji wa redio na mzee wa miongo, wote wawili wakiwa wasema kweli kwa wajuavyo, watagongana daima, mmoja akingoja maua yatangulie na mwingine akiyaona yamekawia, na wala ugomvi wao hauhusiani na mti. Haiwi kwa hilo kwamba ushahidi wa wazee utupwe. Wafaa kusahihishwa ndipo utumike, nao ukisahihishwa huwa ni hazina, kwa maana ni katika kumbukumbu chache za Pwani juu ya majira zilizotangulia vipimo vya serikali.

Mizani

Tukiziweka rai hizi katika mizani, itabainika kwamba kila moja imechukua shahidi wake na kumwita shahidi wa wote. Njia iliyo bora ni kuchagua mashahidi wanaofaa kwa swali, na kwa maoni yangu wako wawili: mikoko ya mahori na mimea ya makaya.

Mikoko ya Tudor, Mtwapa na Port Reitz hukaa baina ya maji ya chumvi ya bahari na maji matamu ya mito, hivi kwamba mvua ikizidi au kupungua, chumvi ya udongo hubadilika na mti huhisi. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, una faida ya pekee, kwa kuwa huota kandokando ya bahari na tena nyuma kabisa upande wa bara, nao uko chini ya mbingu moja. Kinachotofautiana baina ya safu hizo mbili ni udongo na chumvi, na kinacholingana ni mvua na joto la hewa, kwa hiyo anayelinganisha maua ya safu hizo huweza kuitenga sababu moja na nyingine. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti wamekwisha kuifuatilia mikoko mwezi kwa mwezi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale. Lakini yapasa kuonya kwamba hori la Tudor hupokea maji machafu ya mji, nayo ni mbolea kwa mti. Yeyote atakayepima huko bila ya kulihesabu hilo atapima vyoo akidhani anapima mbingu.

Makaya yana mkadi na mkilua. Mkilua ni kijiti cha kivulini katika misitu ya Pwani, na mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika katika elimu ya mimea alilitwaa jina letu likawa jina la jenasi yake, Mkilua fragrans. Mmea wa kivulini, mbali na mabomba na taa, uliochungwa na wazee wa kaya waliokataza kukata, ni shahidi mwadilifu kuliko mti wowote wa njiani. Vilevile zipo karatasi za mimea iliyokaushwa ikiwa na maua yake, zenye tarehe na mahali: Johannes Hildebrandt alikusanya mimea pande za Mombasa mwaka 1876, na Kasisi William Taylor, anayejulikana zaidi kwa methali za Kiswahili alizozichapisha mwaka 1891, alikusanya pande za Rabai na Giriama. Hazina ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, ina karatasi nyingi sana za namna hiyo. Kasoro yake ni kwamba msafiri hukusanya wakati njia zinapopitika, na kwa hiyo maua ya masika huwa machache katika karatasi kuliko yalivyo mwituni.

Ikiwa twataka kujua la kutazamia, tutazame misitu ya tropiki iliyoandikwa kwa muda mrefu badala ya bustani za Ulaya. Katika msitu wa Lopé, Gabon, ulioangaliwa tangu miaka ya 1980, uwezekano wa kukuta matunda mabivu umepungua sana. Uganda, msitu wa Budongo umeonyesha kupungua kwa miti izaayo, na wa Kibale, usiokuwa mbali nao, umeonyesha kinyume chake. Mafunzo yake ni mawili: kwamba katika nchi za joto pigo huangukia wingi wa maua na matunda kuliko tarehe yake, na kwamba misitu miwili ya nchi moja huweza kujibu kwa njia mbili. Kwa hiyo Mombasa haiwezi kuhukumiwa kwa Budongo, wala Mtwapa kwa Tudor.

Na hatari iliyo kubwa zaidi imo katika kuachana kwa wale wanaotegemeana. Ua la mbuyu hutembelewa na popo na nondo wa usiku. La mlilana, ulio katika mikoko, hali kadhalika. La muia, nao ni katika mikoko, hutembelewa na ndege chozi. La mchu na nyuki. Viumbe hawa hawafuati saa moja na mti. Popo asipokuta ua huruka mbali kutafuta jingine, lakini mti uliochanua peke yake, nje ya wakati wa wenzake, hauna pa kwenda, na maua yake huanguka bila ya kushika mimba. Hasara hii haionekani barazani, kwa sababu mti wenye maua mengi na matunda machache hupendeza machoni sawa na wenye yote mawili.

Gharama ya kukosea

Kila rai, ikifuatwa peke yake, ina gharama. Tukisema ni joto la dunia tu, mwenye kukata mikoko ya Tudor kwa ajili ya kuni na ujenzi hupata udhuru mzuri, kwamba mwenye makosa yuko Ulaya na Marekani. Tukisema ni mji tu, tutapanda miti na kuziba mabomba huku bahari ikizidi kupata joto. Tukisema ni mizunguko ya kale, hatutafanya lolote. Hata upandaji wenyewe una masharti yake: vikundi vya Pwani hupanda aghalabu jamii moja ya mikoko, ile iitwayo mkoko hasa, kwa sababu mche wake huota ukiwa ungali mtini na hupatikana kwa wepesi, lakini tangu tumba hadi mche kudondoka hupita zaidi ya mwaka, na mwaka mmoja wa mvua iliyoharibika huweza kuwapunguzia mbegu mwaka unaofuata. Kupanda jamii moja kwa sababu ni rahisi ni kuweka mali yote katika mlango mmoja wa majira. Mchu, mkandaa na muia nayo yastahili nafasi.

Hukumu yangu basi ni hii: kwamba maua ya kisiwa chenyewe yamechafuliwa zaidi na mji kuliko na mbingu, nayo hayafai kuwa ushahidi, kwamba katika mahori na makaya, kubadilika kwa tabia ya nchi ndiyo sababu iliyo karibu zaidi na ukweli, ikipitia katika mvua na bahari kuliko katika joto la hewa, na kwamba hesabu ya miongo isitumike kupimia mpaka irekebishwe kwa robo ya siku yake.

Skuli za Mombasa, Kilifi na Kwale zina watoto, kalamu na miti. Kila skuli na ichague mti mmoja wa mwituni, usionyweshwa na mtu, iandike tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya maua kujaa, mvua iliyopimwa kwa wiki hiyo, na mwongo wake kwa hesabu ya wazee, tena isiache mwaka hata mmoja. Nakala moja na ipelekwe Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus, na nyingine ikae skulini.